Tulijenga Juu ya Uwanja wa Ndege

Mwaka juzi nilirudi Karatu kwa msiba wa shangazi yangu. Binamu aliyekuja kunipokea alisimamisha gari juu ya kilima, pale barabara ya vumbi inapoanza kuteremka kuelekea mashamba ya ngano, akafungua boneti ili injini ipoe. Sikuwa nimepanga kutazama chochote, lakini ukishakulia mahali, macho yanajua yenyewe pa kwenda. Ngano ilikuwa imefika kiunoni, kijani kibichi kote, isipokuwa katikati, ambako ulipita mstari mpana ulionyooka moja kwa moja, na ndani ya mstari huo ngano ilikuwa fupi, ya manjano, imedumaa. Binamu akaniambia mwenye shamba hilo huongeza mbolea kila msimu na mambo ni yale yale. Ametoka mbali, amelichukua shamba juzijuzi, anadhani udongo una ugonjwa.

Udongo hauna ugonjwa. Ule ni uwanja wa ndege za vita, na mimi nimeishi juu yake.

Nilizaliwa kwenye miteremko iliyo chini ya msitu wa Oldeani, mahali ambapo asubuhi ukungu ulikuwa mzito hadi ukawasikia ng'ombe wako kabla hujawaona. Nyumba ya bibi, mama yake baba, ilichimbwa nusu ndani ya mlima, paa lake la udongo, na wakati wa masika majani yaliota juu yake mbuzi wakapanda kuyala. Ndani kulinukia moshi, maziwa na ngozi. Tulikula makande yaliyochemka tangu alfajiri, na mnafu uliochumwa nyuma ya zizi, na nilidhani watu wote duniani wanaishi hivyo. Kisha ukaja mwaka wa operesheni ya vijiji. Lori likapanda hadi kwetu, wanamgambo wakashuka, na jioni ile ile tulikuwa juu ya vitu vyetu tukiteremka kwenda tambarare. Baba alikuwa ameng'oa mlango wa nyumba akaupakia. Bibi alikaa nyuma kabisa, jiwe lake la kusagia limo mapajani, akakataa mtu yeyote amsaidie kulishika.

Huko tambarare viwanja vilikuwa vimeshapimwa. Safu ya kwanza ya nyumba ilipita kwenye nyasi. Safu ya pili ilipangwa juu ya eneo refu jekundu lisilo na mti wala kisiki, limenyooka hata balozi wetu wa nyumba kumi akawa anajivuna nalo. "Hapa hata kamba hatukuhitaji," alimwambia baba. Kiwanja chetu kilikuwa katika safu hiyo ya pili. Bibi alishuka, akatazama upande huu na upande ule, akamuuliza baba kwa Kiiraqw, "Hapa ni wapi?" Baba akaendelea kushusha vitu. Bibi akalibeba jiwe lake, akaondoka pembeni hadi nyuma ya kichuguu kikubwa, nje kabisa ya ule wekundu, akaketi. Hakurudi. Baba na baba mdogo wakalazimika kumjengea huko huko kibanda cha udongo, nje ya mstari, na balozi akaja mara kwa mara kulalamika kwamba bibi kizee mmoja anaharibu kijiji kizima.

Sisi tulijenga tulipoambiwa, na ardhi ile ilitutesa. Nguzo hazikuingia. Baba alipiga mtaimbo kutwa nzima akapata shimo la kufukia kuku. Majembe yalirudi yamepinda. Choo chetu kilikuwa kifupi, wageni wakaona haya kukitumia. Mahindi aliyopanda mama nyuma ya nyumba yalifika magotini yakageuka manjano yakasimama hivyo, hayafi wala hayazai. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na mwaka ule maneno yakazidi kupungua.

Lakini sisi watoto, nikwambie ukweli, tulikuwa peponi. Hujawahi kuona mahali pazuri pa kukimbia kama pale. Sehemu ambayo haikujengwa ilienda mbali, tambarare kama meza, na mwalimu wetu aliifanya kiwanja cha michezo. Tuliendesha ringi za baiskeli hadi pumzi zikaisha. Na aliyetufundisha kwamba pale ni uwanja wa ndege alikuwa baba mdogo. Mke wake alifariki akijifungua, hakuoa tena, akawa anaishi nasi, na upendo wote uliokosa pa kwenda aliumwagia watoto wa kaka yake. Alikuwa akipiga mluzi kutoka asubuhi hadi jioni, akichunga, akikama, akikandika ukuta. Jioni alinipandisha mabegani, akanyoosha mikono, akakimbia juu ya ule wekundu akinguruma kwa midomo, mimi nikipiga kelele kwamba tunaanguka. Watoto wengine walipanga foleni.

Bibi hakuwahi kucheka akituona. Nilianza kugundua kwamba hakukanyaga ule uwanja hata mara moja. Akienda mtoni aliuzunguka. Kwenda kwetu, ambako kulikuwa umbali wa kutupa jiwe kutoka kibandani kwake, hakwenda kabisa. Mama alimpelekea chakula. Siku moja nilimsindikiza kuteka maji, jua likiwa kali, nikamuuliza kwa nini tusikatize. "Miguu ni yangu," akasema, na tukaendelea kuzunguka.

Aliyenieleza ni jirani yetu, mzee mmoja wa Singida aliyekuja ujana wake kutafuta kazi kwenye mashamba ya kahawa akabaki moja kwa moja. Alikuwa mkali, na watoto tulimwogopa kwa sababu ya kikohozi chake. Lakini siku ile alikuwa anatengeneza mpini wa jembe lililovunjikia kwenye kiwanja chake, ana hasira na ardhi, akahitaji mtu wa kumsikiliza.

"Hii ardhi tuliishindilia wenyewe," aliniambia. "Tulilipwa kuishindilia, sasa tunaadhibiwa nayo."

Akanieleza kwamba wakati wa vita vya Wazungu, Wajerumani wa mashamba ya Oldeani walichukuliwa wakafungiwa, na Waingereza wakaja na malori. Wanaume wakakusanywa kutoka Mbulu, Singida na kwingineko. Walikata vichaka, wakang'oa visiki, wakamwaga moramu, ule udongo mwekundu wa kokoto, tabaka juu ya tabaka, kisha wakaishindilia kwa silinda kubwa ya chuma iliyojazwa zege. Walikuwa wakiivuta kwa kamba, mabegani, kama ng'ombe. Ndege zikaja, kubwa, za kijivu, matumbo yamejaa mabomu. Ziliruka alfajiri kuelekea baharini kutafuta manowari za adui, zikarudi jioni. Msimu mmoja tu. Vita vikahamia kwingine, Waingereza wakapakia kila kitu wakaondoka, wakaacha mapipa matupu na mlingoti mmoja.

"Na babu yako," akasema, "alikuwa kamba moja na mimi."

Upande wa mashariki uwanja ulikuwa na mwinuko kidogo. Siku hiyo walikuwa wakivuta kupanda, na babu alikuwa nyuma, kazi yake kuweka mawe chini ya silinda ili isirudi. Kamba ilikatika. Mzee alieleza hivyo tu, akashikwa na kikohozi chake, kisha akaongeza kwamba msimamizi alipuliza filimbi baada ya muda mfupi, wakafunga kamba nyingine, kwa maana ndege zilikuwa zinasubiriwa. Mahali pale walimwaga moramu mpya. Babu alibebwa hadi mlimani akazikwa kwake. Bibi alipewa blanketi la kijeshi. Baba alikuwa hajajua kutembea, na baba mdogo alikuwa tumboni.

Nilirudi nyumbani nikipita pembeni. Sikumwambia mtu, lakini kuanzia siku hiyo, baba mdogo aliponiinamia nipande mabegani, nilisema miguu inauma.

Kisha vikaja vita vyetu wenyewe. Utakumbuka jinsi redio ilivyotukusanya. Mwenyekiti wa kijiji aliiweka dirishani na watu wakasimama uani kwake hadi betri zikachoka. Mpaka wetu ulikuwa umevamiwa huko Kagera, mbali kabisa na sisi, lakini hasira ilikuwa ya kweli. Watu walitoa mahindi, walitoa ng'ombe. Na vijana waliopata mafunzo ya mgambo wakaitwa. Baba mdogo hakuwa kijana sana tena, lakini alikuwa amefunzwa, na jina lake likasomwa. Asubuhi ya kuondoka alikwenda kwa bibi nyuma ya kichuguu. Bibi akampaka siagi kwenye paji la uso. Baba mdogo akaondoka kwa miguu kuelekea Karatu kupanda lori, na mluzi wake tuliusikia muda mrefu baada ya yeye kupotea kwenye vumbi.

Haukupita muda wakaja wanajeshi na greda. Mkubwa wao alikuwa mtu mpole, alisalimia wazee kwanza. Akasema uwanja ule wa zamani unahitajika tena, ndege ziwe na mahali pa kutua zikipata shida njiani, hivyo nyumba za safu ya pili ziondolewe kabla ya wiki kuisha.

Baba akasimama mkutanoni. Sikuwahi kumwona akisimama mkutanoni. "Mlituambia tujenge pale," akasema.

"Wakati ule hapakuwa na vita," mwenyekiti akajibu.

"Mimi nimechimba pale hadi mikono imekufa ganzi."

"Najua, ndugu yangu. Hata nyumba yangu imo kwenye mstari."

Na kweli ilikuwemo. Baba akaketi. Kesho yake tulianza kubomoa. Akina mama waliimba nyimbo za vita wakivuta fito, na mimi niliimba pia, kwa sababu nilijua maneno yote. Nguzo zilizogoma kuingia ziligoma kutoka. Baba hakuimba. Aliung'oa mlango ule ule, akaubeba kichwani, akasimama katikati ya vumbi kama mtu aliyesahau anakokwenda. Bibi alikuwa ukingoni, anatazama. Akamwita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyomwita mtoto kula. "Leta huku. Mtakaa kwangu."

Basi tukajazana kwenye kibanda kile tulichokuwa tukikionea aibu. Tulilala miguu ya huyu kichwani kwa yule. Bibi alianza kutukaangia mahindi jioni, akawa mchangamfu kwa namna ambayo sikuwahi kumwona. Lakini kila greda lilipounguruma aliacha mkono hewani, na punje zikaungua.

Tulisubiri ndege. Mwalimu alitufundisha kulala chini kifudifudi, mikono juu ya kichwa, iwapo itakuja isiyo yetu. Tulifanya mazoezi tukicheka. Wiki zikapita, uwanja umelala mwekundu na msafi, askari wachache wakiulinda na kucheza bao. Hatimaye ikaja moja. Ilizunguka juu yetu mara mbili, ikashuka, ikagusa ardhi kwa kishindo kilichorusha vumbi hadi shuleni. Ilikuwa ndege ya mizigo, imechubuka rangi, injini moja inatoa moshi. Kijiji kizima kikakimbia kikasimama ukingoni, askari wakituzuia tusisogee.

Bibi hakukimbia. Alitoka kibandani na kibuyu cha maziwa, akanishika mkono. "Wewe unajua Kiswahili cha shule," akasema. "Twende." Nilifikiri tutazunguka. Akakanyaga ule uwanja, akaenda moja kwa moja katikati yake, taratibu, kama anayetembea ndani ya maji yasiyojulikana kina. Mzee wa Singida alivua kofia. Askari mmoja alinyoosha bunduki kutuzuia, kisha akamtazama bibi usoni, akaishusha.

Rubani alikuwa kijana, shati limelowa jasho mgongoni. "Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba." Neno hilo bibi alilijua. Mengine nilitafsiri mimi. "Mwambie anywe kwanza."

Rubani akanywa, akashukuru, akajifuta mdomo.

"Muulize kama anatoka wanakopigana."

"Ndiko ninakokwenda," akasema rubani, "hiki kidude kikitengenezeka."

"Mwambie nina mtoto huko." Bibi akataja jina la baba mdogo, na la babu, na la ukoo wetu. Rubani alijaribu kulirudia akakosea, bibi akamrekebisha.

"Huko watu ni wengi sana, bibi."

"Najua ni wengi. Mwambie wangu anapiga mluzi akifanya kazi. Atamsikia."

Nilitafsiri. Askari mtu mzima aliyekuwa pamoja na rubani akageuka kutazama gurudumu la ndege. Rubani alikigeuza kibuyu mikononi mwake.

"Mwambie nikisikia mluzi nitauliza ni nani," akasema.

Bibi aliridhika. Kisha akauliza tena, "Wamebeba nini humo ndani?"

"Hilo siwezi kusema, bibi."

"Hata wale wa kwanza hawakusema," bibi akasema, akachukua kibuyu chake, tukarudi njia ile ile. Katikati ya uwanja alisimama, akatazama upande wa mashariki, penye mwinuko. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Ndege ikaruka siku iliyofuata. Haikuja nyingine tena.

Vita viliisha. Baba mdogo alirudi akiwa mzima wa viungo vyote, na mama alilia kwa furaha, na pombe ikapikwa, majirani wakajaa. Alikaa kwenye kigoda kando ya mlango akishika kikombe bila kunywa. Alipoulizwa alijibu, "Tulishinda." Bibi alimuuliza kama kuna rubani aliyemtafuta huko, naye hakuelewa anaulizwa nini. Asubuhi alitoka na ng'ombe. Nilitega sikio hadi wakafika mtoni, nikasikia kengele za ng'ombe tu.

Uwanja uliachwa tena. Hatukuruhusiwa kujenga juu yake wala kuulima, kwa hiyo tulijenga upande wa bibi, na mbuzi wakawa wanalala juu ya ule wekundu jioni kwa sababu ulihifadhi joto la jua. Mwaka uliofuata kweleakwelea walivamia mashamba makubwa ya ngano, ikaletwa ndege ndogo ya kunyunyizia dawa. Tulikuwa tunapalilia mahindi. Ilitokea nyuma ya kilima, chini chini, ikapita juu yetu kwa kelele moja kubwa. Watoto wakairukia wakipunga mikono. Niligeuka kumwonyesha baba mdogo, sikumwona. Alikuwa chini, kifudifudi katikati ya matuta, mikono juu ya kichwa, na udongo ukimwingia mdomoni.

Watoto wakacheka. Si mimi wa kuwalaumu. Walidhani ni mchezo, yeye ndiye aliyekuwa akitufanyia michezo. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Inuka shemeji, watu wanaona." Hakuinuka. Ndege ikageuza, ikaja tena. Bibi alikuwa mwisho wa shamba anachambua maharage kwenye ungo. Akauweka ungo chini, akaja kati ya mahindi akivuta miguu, akapiga magoti, akajilaza kando ya mwanawe. Akaweka shavu lake kwenye udongo akimtazama. Sikusikia alichomwambia. Walikaa hivyo hadi mngurumo ukaisha, kisha bibi akasema sasa twende tukanywe uji, na wote wawili wakajikung'uta.

Ikawa ndiyo desturi. Miaka ile ndege ndogo za watalii zilianza kuongezeka, zikienda Manyara na Ngorongoro, na kila ilipopita moja baba mdogo alilala, popote alipo, na bibi kama yuko karibu alilala naye. Kwenye majani, kwenye vumbi, mara moja kwenye matope ya zizini. Baba hakuwahi kulala. Alisimama juu yao akiwa na jembe, amewapa mgongo, akiwakodolea macho watoto wa kijiji, na hakuna aliyethubutu kucheka tena. Mimi nililala nao mara chache. Ukilala vile unasikia ngurumo kwenye kifua, inatoka ardhini badala ya angani, na unaelewa kidogo.

Bibi alifariki nikiwa sekondari Arusha. Nilirudi likizo, nikawa nimekaa na mama tukimenya viazi, nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanikera: sasa zikipita, baba mdogo analala na nani. Mama aliendelea kumenya. Akasema siku nne baada ya maziko ilipita moja, na baba mdogo akaanguka chini kule kwenye maboga. Baba alisimama kama kawaida yake. Kisha akalilaza jembe, akavua kofia, akalala kando ya mdogo wake, mtu mzima mwenye mvi, magoti yake yakilia. Hakuna aliyemtuma.

Wote hao wamekwenda. Baba mdogo alifuata, kisha mzee wa Singida, kisha baba, na kibanda kilikwisha kurudi kuwa udongo kabla sijaolewa. Siku hizi ndege zinapita juu ya Karatu tangu asubuhi, na watoto wanazipungia mkono, na wanaolima hawainui hata vichwa. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Sitamani mtu yeyote ajue tulichokijua. Lakini zamani, mtu akidondoka chini kwa hofu katikati ya mahindi, kulikuwa na mwingine wa kuweka ungo chini na kuja kulala naye kwenye udongo, bila kumwuliza anaogopa nini.